Tunajua kuendesha mashini, hatujui kuinunua

Siku hizi nikipita mu Kolwezi nasikia neno moja kila mahali. Kontra ya wenzetu wa kampuni moja ya sutretansi imekwisha, dekonti finali imelipwa, watu wako na feza mukononi. Jioni unakuta watano hapa, kumi kule, wamekaa na kalkilatere ya telefone, wanahesabu: "Tukiunganisha feza yetu, tunapata peletezi. Tukipata peletezi, hatutaomba tena kazi kwa mutu." Mwezi huu nimeitwa mara tatu kusikiliza hesabu ile. Mara tatu nimerudi nyumbani na usingizi ukakatala, sababu ile hesabu ninaijua. Njo hesabu yetu wenyewe, ile tulifanya miaka ine iliyopita, namba kwa namba.

Sisi tulikuwa watu kumi na mumoja, wote wa ekipe moja. Kila mutu alitoa dola 4 500. Kwa wengine ile ilikuwa dekonti yote. Mumoja aliuzisha parseli yake, mwingine alichukua feza ya likelemba ya bibi yake na kumwambia itarudi mbele ya Noeli. Jumla ilifika dola 49 500. Mashini tuliinunua 46 000. Angalieni vizuri kile kilichobakia: dola 3 500, ya kulipa porti-shari kutoka Lubumbashi mpaka Kolwezi, mazutu ya kwanza, shofere na mulinzi. Kwa pompi moja ikiharibika, hakuna kitu. Kwa filtre, hakuna. Pale tayari tulikuwa tumeanguka, na mashini ilikuwa haijafika.

Tulienda Lubumbashi watu wane. Mekanisye wetu hakwenda. Alikuwa kazini siku ile, na tuliona ni hasara kumulipia nafasi ku bisi kwa kuangalia mashini ambayo waendeshaji wawili watakuwa wameijaribu. Ile nauli tuliyoichunga, mpaka leo tunaicheka, lakini si kicheko cha furaha.

Mu parking, mashini zilipangwa mustari, zote na rangi ya njano inayongaa sawa vile zimetoka kiwandani jana. Komisyonere alitungojea ku mulango, kijana wa adabu sana, anatuita "bakubwa". Peletezi ilikuwa inawaka tayari. Akasema: "Papa delege, musiogope, hii iko muzima, imetoka ku Dubai, haijafanya hata mwezi hapa kwetu." Kontere ilionyesha masaa 6 200. Waendeshaji wetu wakapanda, wakazungusha, wakachimba shimo kidogo, wakashuka: "Iko muzuri." Wakati ule ule telefone ya komisyonere ikalia. Ilikuwa, alisema, kliya mwingine wa Likasi, yuko njiani na feza kashi. Mumoja wetu akaninong'oneza: "Tulipe leo, kesho hatutaipata." Tukalipa.

Na mimi nilikuwa nimeona pedali. Mupira wa pedali ulikuwa umekwisha mpaka chuma kinaonekana, na chuma chenyewe kimelainika sawa kijiko cha zamani. Miaka kumi na tisa mu mine, ninajua mashini ya masaa 6 200 haina pedali vile. Niliona, na sikusema. Nilikuwa delege, watu walifikiri ninajua, na nilisikia haya kuuliza swali la mutu asiyejua. Ninaandika hii mu gazeti ili wenzangu madelege waisome. Haya yangu ile imetuletea hasara kuliko ile pompi.

Juma la tano pompi ya hidroliki ikafa. Tukaita fundi mwenye kompyuta ya kusoma motere. Kontere ya mbele ya shofere ilikuwa inaonyesha masaa 6 271. Kompyuta ya motere ilionyesha zaidi ya 15 000. Mashini ilikuwa imetumika kwetu masaa 71 tu.

Sasa niseme ile ninayofikiri, na wengine mu sendika hawatapenda. Sisi watu wa mine tunajidanganya kuwa tunajua mashini. Tunajua kuziendesha, ndiyo. Lakini mu mine, mazutu inaletwa na kamyo, hauulizi bei. Mafuta ya motere yanabadilishwa usiku, na wewe umelala. Pompi ikikufa, unapewa mashini ingine, ao unakaa pembeni na mushahara unaendelea. Kwa hiyo muendeshaji akijaribu mashini, anaangalia kama inatii mukono wake. Haangalii kama itatii tena kisha miezi sita, sababu mu maisha yake yote haikuwa kazi yake. Wale wawili wetu hawakusema uongo. Mashini ilikuwa inatii vizuri kweli.

Mununuzi anafanya kazi ingine. Kwanza, motere lazima aikute ya baridi. Ufike asubuhi mbele ya saa waliyokuambia, uweke mukono ku motere. Kama iko ya moto, uwaambie utarudi kesho, hata wakikasirika. Motere iliyochoka inaficha ugonjwa wake ikisha kupata moto. Ikiwaka baridi, uangalie moshi. Moshi wa bulu unaoendelea ni mafuta ya motere yanayoungua ndani. Moshi mweusi mwingi ni hewa ao mazutu isiyopita vizuri. Mweupe usiokwisha, labda maji yanaingia pale hayapaswi kuingia. Kisha ufungue kifuniko cha mafuta wakati motere inazunguka: kama inapumua kwa nguvu na moshi sawa mutu mwenye pumu, segima zimekwisha. Na kama mafuta yana rangi ya maziwa, hapana kuendelea na mazungumzo ya bei. Uage watu kwa heshima, uende.

Kisha unyanyue mukono wa mashini mpaka juu, gode ikiwa na udongo, uzime motere, ukae chini unywe maji. Dakika kumi. Mukono ukishuka wenyewe, vere ao distribitere zinavuja ndani, hata kama inje hakuna tone. Uzungushe turele kushoto na kulia na kuisimamisha gafula. Ukisikia inagonga na kucheza, ile kurone kubwa ya chini imechoka, na kuibadilisha mashini nusu inafunguliwa. Uangalie shenili, gale na meno ya babotani. Meno yakiwa makali sawa kisu, yamekwisha. Watu wengi wanapita upande huu haraka, sababu uko muchafu na unapaswa kuinama. Lakini mafundi wanasemaka kwa mashini ya shenili, karibu nusu ya feza yote ya matengenezo inaendaka kule chini. Kule njo uiname.

Rangi mupya si zambi. Lakini rangi inafunika sudire. Upite na mukono, uguse mukono wa mashini kwa pembeni na kwa chini, pale penye uvimbe uulize kwa nini. Na nimero: iko ku plaki, na iko pia imepigwa mu chuma ya shasi. Hizo mbili lazima zifanane. Yetu zilifanana, lakini visi vya plaki vilikuwa vipya, vinangaa, na mashini ya miaka kumi na mbili. Ile hatukuiona, mutu mwingine alituonyesha kisha.

Na alituonyesha kwa njia mbaya. Wakubwa wa kontrole walifika ku shantye kuomba makaratasi. Tulikuwa na resi ya muuzishaji iliyoandikwa "peletezi moja, okazyo", bila nimero. Deklarasyo ya duane aliyotupa kopi yake ilikuwa ya mashini ingine kabisa. Tulikaa siku tisa bila kutumika. Tangu siku ile mutu akiniambia bei ni "yote ndani", ninamuuliza: ndani ya nini? Mashini inayoingia inchi inapita kwa DGDA, inapita kwa OCC, na kuna TVA ya 16 %. Karatasi ya duane lazima ibebe nimero ile ile unayoisoma wewe mwenyewe ku chuma. Fakitire pia. Kama muuzishaji anasema karatasi zitafuata, na feza yako ifuate vile vile: umupe kidogo, kwa banki, na ile kubwa ilipwe siku karatasi na mashini ziko mahali pamoja. Komisyonere atakwambia hakuna mutu anayefanya vile. Mukumbuke yeye analipwa na nani.

Nisiende mbali na hesabu ya jioni, sababu kule njo mwanzo wa yote. Sisi tulihesabu hivi: dola 50 kwa saa, mara masaa 8, mara siku 26, ni dola 10 400 kwa mwezi. Kwa miezi mitano mashini imejilipa. Mutoto wa darasa la sita angehesabu sawa vile. Lakini peletezi ya tani 20, ya kipimo cha Caterpillar 320 ao Komatsu PC200, inakunywa karibu litre 12 mpaka 20 za mazutu kwa saa, kadiri ya kazi. Weka 15. Kwa masaa 8 ni litre 120 kila siku. Zidisha na bei ya pompi ya leo, kisha uone ni nini kinabakia. Toa shofere na musaidizi. Toa mulinzi, sababu usiku mazutu inatembea. Toa mafuta ya motere na filtre kila masaa 250 ao 500, kadiri ya kitabu cha mashini. Toa porti-shari kila mara unahama shantye, sababu peletezi haitembei ku barabara sawa bene. Na toa mvua. Kuanzia Novemba mpaka mwezi wa tatu ao wa ine, ku Katanga hapa, kuna siku udongo wenyewe unakatala. Kisha yote, kuna kliya asiyelipa mwisho wa mwezi. Siku 26 zile hatukuziona hata mwezi mumoja. Masaa 71 kwa juma tano, niliyasema.

Wenzangu wananijibu: lakini sheria ya sutretansi iko kwa ajili yetu. Ni kweli, iko. Sheria nambari 17/001 ya tarehe 8 Februari 2017 inasema kazi ya sutretansi ni ya makampuni yenye kapitali ya Wakongomani, na ARSP iliwekwa kwa kuichunga. Mimi mwenyewe nimeitetea mu mikutano na ningali ninaitetea. Lakini sheria inasema kampuni. Haisemi mashini. Watu kumi na mumoja na kaye ya shule si kampuni. Na mine kubwa, mbele ya kuacha mashini yako ipite barieri, itaomba asiransi, itaomba kuipima freni, ekstenktere, kamera, umri wake. Mashini ya dola 46 000 yenye masaa 15 000 itarudishwa ku barieri, na wewe utakuwa umelipa porti-shari bure. Kwa hiyo yetu ilibakia kwa wale wanaojenga mu cité, kuchimba fondasyo na karo, kazi ya siku mbili, siku tatu.

Kuna pia wanaosema: tutaipeleka kwa wakresere, kutoa udongo wa juu. Ninaelewa, ninajua feza iko kule. Lakini Kode ya mine inaeleza kazi ya ufundi wa mukono kuwa ya vyombo na njia zisizo za kiwanda, na shimo lisilopita metre 30. Peletezi kule ndani inategemea mapatano na wakubwa, na mapatano yale yanabadilika pamoja na mukubwa. Mutu mwenye feza nyingi anaweza kucheza muchezo ule. Mutu mwenye dekonti moja, hapana.

Nilisema kaye ya shule. Mumoja wetu alikufa mwaka wa pili, ugonjwa wa siku chache tu. Kisha kilio, bibi yake alinifikia nyumbani na watoto wawili. Aliniuliza: "Papa delege, feza ya bwana yangu iko wapi? Ile mashini iko ya nani?" Nikatafuta jibu. Fakitire ilikuwa na jina la mumoja wetu, ili mambo yaende mbio. Jina la marehemu lilikuwa tu mu kaye, kwa bik, "4 500, amelipa", bila sinyatire. Familia ya bwana ilikuwa imeanza tayari kusema feza ile ni ya ukoo. Mama yule hakuonekana hata mara moja mu mikutano yetu, na feza ya kwanza ilitoka ku dekonti ya bwana na ku duka yake ya makala. Hatukuita bibi hata mumoja. Tulisema wanawake wataogopa na kuharibu mambo. Wangeogopa, ndiyo, na tungekuwa na dola 49 500.

Tangu inchi yetu iliingia mu OHADA mwaka wa 2012, kuandikisha SARL si kitu cha wazungu ao cha matajiri tu. Kuna gishe ya kuandikisha makampuni. Kila mutu anaandikwa na sehemu yake, akikufa sehemu inajulikana, bibi na watoto wanajua mulango wa kugonga. Ni mambo ya kufanya mbele ya kwenda Lubumbashi kuangalia rangi ya njano.

Najua kuna wazee watakaosema: hii yote ni sababu mutumikaji asinunue mashini kamwe, ajenge nyumba, alime. Wanakumbuka mwaka wa 2003, wakati wa depar volontere ya Gécamines, watumikaji zaidi ya 10 000 walitoka na feza ya mara moja. Mujomba wangu alikuwa mumoja wao. Alinunua mashini ya kusaga mahindi na motere ya okazyo. Ilisaga miezi sita, motere ikafa, na tukaanza tena kununua unga kwa wengine. Ninaikumbuka harufu ya mazutu mu parseli. Lakini sikubali neno la wazee. Watu waliokaa miaka ishirini juu ya mashini, wanaojua udongo wa hapa kuliko mugeni yeyote, kwa nini mashini zote ziwe za wengine siku zote? Mimi ninataka tununue. Ninataka tu tusinunue usiku, kwa haya, na kwa hesabu ya siku 26.

Ile ninayoomba kwa sendika yetu ni vitu viwili, na nimevisema mu komite. Makampuni ya mine yanauzishaka mashini zao zikizeeka. Kila mashini ile iko na kitabu chake: siku ya kubadilisha mafuta, siku ya kubadilisha pompi, masaa ya kweli, na mafuta yake yamepimwa mu laboratware mara kwa mara. Nani anaijua historia ile kuliko sisi tulioiendesha na kuitengeneza? Tukikaa ku meza na bapatro kuzungumza mishahara, tuombe pia watumikaji waitwe wa kwanza wakati mashini zinauzishwa, na kitabu kifunguliwe. Zingine zitakuwa zimekufa kabisa, sababu hakuna patro anayetoa kitu kizuri bila sababu. Lakini angalau tutasoma zimekufa na nini.

Kitu cha pili: wazee wetu mekanisye waliostaafu wako mu cité, wanakaa chini ya muembe wanacheza dame. Wane ao watano wao wakilipwa na sendika nauli na chakula, wanaweza kwenda na kila kikundi kinachotaka kununua. Mutu asiyejua kikundi, asiyelipwa na komisyonere, na asiyeona haya kuuliza. Komite imenijibu kuwa si kazi ya sendika kuangalia shenili. Nimewauliza dekonti finali ikisha kulipwa, mutumikaji si wetu tena?

Na kwa wale watu watano na watu kumi walionita mwezi huu: mukodeshe kwanza. Mupate kliya mumoja aliyesini karatasi, mukodeshe peletezi ya mutu miezi miwili ao mitatu, mulipe bei yake, muandike kila litre na kila siku ya mvua. Mukipata hasara, itakuwa hasara ya kukodesha, na dekonti ingali. Mukipata faida, mutajua ni mashini gani munayoihitaji. Labda si peletezi. Kikundi kimoja ninachokijua kilitaka peletezi, kisha kikaona kazi iliyo mingi mu mitaa yao ni beto, wakanunua betoniere mbili na vibratere moja. Feza kidogo, mapyesi yanapatikana ku soko, na mutu mumoja anazisukuma ku barabara. Watu waliwacheka. Wangali wanatumika.

Yetu iko mu parseli ya mwenzetu mumoja, mukono wake umelala ku udongo, kuku wanalala mu kabine. Juma iliyopita mununuzi wa feraye alifika, akaizunguka, akatoa bei ya kilo. Juma mosi inayokuja tutakutana kuamua kama tunakubali ao tunatafuta tena pompi. Bibi ya marehemu ameitwa, na bibi za wengine wote. Kaye nimeiandika upya, kila jina na sinyatire pembeni, na nimeacha nafasi moja kwa sinyatire yake.